Mstari wa Ukutani

Dobi alikuwa na maadui wengi, ila wote walikuwa madoa. Wino, mchuzi, kutu, damu, grisi: aliyajua kwa sura na kwa tabia, lipi linataka maji ya moto na lipi linataka subira. Watu walimletea mashati waliyokwisha kuyakatia tamaa, naye akayarudisha meupe hadi wenyewe wakamuuliza kama hakuwabadilishia. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika mtaani. Hata mumewe alimwita Dobi, hasa akiwa na jambo la kuomba.

Sasa mtu wa namna hiyo, ndani ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa na doa moja lililomtoa jasho. Lilianzia kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe wake, likafuata ukuta wa kulia wa korido hadi kwenye mlango wa choo, mstari wa kijivu wenye upana wa kiganja. Alijua ni mikono. Mikono ya nani, hakujisumbua kuuliza. Nyumba ya watu wanne ina mikono minane, utamshtaki nani? Mwanzoni aliusugua kila Jumamosi, kwa ndoo na brashi. Kufika Jumatano mstari ulikuwa umerudi, umetulia palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Akaanza kuufuta kila siku, kitambaa begani, akipita nyuma ya kila anayepita. Walipigana hivyo miezi minne, mpaka alipopata sabuni mpya ya unga, ya bluu, na mstari ukakoma. Wiki tatu nzima ukuta haukupata alama. Kilichobaki ni kipara tu, pale rangi ilipokwisha kwa kusuguliwa. Mumewe, ambaye ni kinyozi, alisema ameona watu wengi walionyolewa vibaya, lakini ukuta ndiyo mara yake ya kwanza.

Siku zilezile ambazo Dobi angepaswa kusherehekea ushindi wake, mama mkwe akatangaza kwamba anahama.

Alisema wakati wa chakula, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Jumapili ya mwisho wa mwezi binti yake atakuja na gari kumchukua, akakae kwake.

"Miaka kumi na moja niko hapa," alisema. "Inatosha. Na yule naye ni mwanangu."

Kinyozi, mtu ambaye kazi yake imemfundisha kutonyamaza, alibaki na tonge limesimama njiani. Mjukuu, binti wa sekondari, akauliza, "Bibi, nani amekuudhi?" Bibi akajibu kwamba hakuna aliyemuudhi, na hilo ndilo lililomchoma Dobi kuliko kama angetukanwa. Tusi lina mlango wa kutokea: unaomba radhi, yanakwisha. Mtu akikuambia hakuna kitu, huku anafunga mizigo, utaomba radhi ya nini?

Watu hupenda kusema kwamba mkwe na mkamwana hawapikiki chungu kimoja. Hawa wawili walipikika. Mama yake Dobi alifariki Dobi akiwa bado shuleni, na alipoolewa alikuja na woga wote wa mtu asiye na wa kumuuliza. Mama mkwe ndiye aliyemnunulia pasi ya kwanza. Ndiye aliyekesha naye siku ya uchungu wa mtoto, akimtukana daktari kwa niaba yake. Kama kuna mtu aliyemwita "mama" bila kujilazimisha, ni yule. Kumpoteza kwa kifo angejua ni kazi ya Mungu. Kumpoteza kwa gari la wifi, siku ya Jumapili, mbele ya majirani, hakujua ni kazi ya nani. Akashuku ni yake.

Akatafuta kosa lake, akatafuta, akachoka. Mwishowe akaangukia nyumba. Nyumba ya wifi ilikuwa mpya, ina vigae vinavyong'aa mpaka unajiona kope. Ya kwao ilikuwa na paa la bati lisilo na dari, jiko lisilo na kabati, mlango wa chumba cha binti usiofunga, na korido yenye kipara. Nani asingekimbia? Na kwa bahati walikuwa na laki sita, waliyoiweka kidogo kidogo miaka miwili kwa ajili ya matengenezo. Dobi akashika hesabu hiyo kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Wapendezeshe nyumba kabla ya Jumapili ile, mama aone aibu kuiacha.

Tatizo la laki sita ni kwamba kila mtu anaiona ya kwake.

"Dari," alisema mumewe. "Dari nyeupe sebuleni, yenye mapambo pembeni. Mvua ikinyesha tunasikizana. Mama atakaa kama yuko hotelini."

"Mama hakai sebuleni, anakaa barazani. Rangi kwanza. Korido yote, na ile ya mafuta, inayofutika."

"Rangi ni vipodozi, mama watoto."

"Na dari ni nini? Figo?"

Walibishana siku mbili. Mteja mmoja wa Dobi akamwelekeza kwa fundi aitwaye Polepole. Akamwambia: anachelewa kuanza, lakini akimaliza humwiti tena.

Polepole alikuja Jumamosi asubuhi, mtu wa makamo, mwembamba, penseli sikioni, na hakusema usipoziba ufa utajenga ukuta, jambo ambalo mafundi wengine huliimba kabla hata hawajavua viatu. Hakutoa bei vilevile. Alitoa chaki nne mfukoni.

"Kila mmoja achukue yake," alisema. "Piteni nyumba nzima, mtie alama pale nyumba inapowauma. Msiambiane. Mimi nitakunywa chai yangu hapa."

Kinyozi akacheka, lakini akachukua. Alipanda kiti akachora mduara mkubwa juu ya ukuta wa sebule, chini ya bati. Binti akachora msalaba kwenye mlango wake, na pembeni akaandika "tafadhali". Dobi alikwenda moja kwa moja koridoni, akakipigia kipara mistari miwili mirefu, juu na chini, kama anayepigia neno baya kwenye daftari. Mama mkwe aliipokea chaki, akaigeuzageuza, akaiweka juu ya meza.

"Mimi mpita njia," alisema. "Mpita njia hatengenezi barabara." Akatoka kwenda barazani kukaa juani.

Fundi akafuata alama moja baada ya nyingine. Dari akaipima, akaandika. Mlango wa binti akauinua kidogo kwa bega, akasema ni bawaba na kitasa, kazi ya saa moja. Alipofika koridoni akasimama, na hakutoa futi. Aliweka kiganja kwenye kipara. Kisha akafanya jambo ambalo Dobi hakulitarajia kwa mtu mzima: akakunja magoti mpaka akawa mfupi, akafumba macho, akaanza kutembea, mkono ukiteleza ukutani. Mkono haukutoka nje ya mstari hata mara moja. Alipokaribia choo, mkono ukapanda, ukafika kwenye fremu ya mlango, na pale akafumbua macho. Upande huu wa fremu rangi ilikuwa imeisha hadi kwenye mbao. Upande wa pili vilevile, palepale, usawa uleule. Chini, kati ya hizo mbili, kulikuwa na kizingiti cha saruji kilichopanda nusu ya ugoko, kilichojengwa zamani ili maji ya kuoga yasimwagike koridoni.

"Hapa kuna mtu anajivuta," alisema fundi. "Dada, mfupi humu ndani ni nani?"

"Mfupi ni..." Dobi akageuka kuutazama mlango wa mama mkwe wake.

"Hili si doa. Hii ni njia ya mtu."

"Lakini imekoma!" Dobi alijisikia kama mtu anayejitetea mahakamani. "Wiki tatu sasa. Nimepata sabuni mpya, ya bluu, imekubali kabisa."

Polepole alimtazama kwa huruma ambayo haikumfaa kitu.

"Sabuni haiwezi kuzuia doa lisije, dada. Sabuni inatoa lililokuja. Mtu ameacha kushika."

Kuna mambo ambayo mtu anayajua kwa kazi yake, akiwa na shati la mtu mwingine mkononi, na hayajui akiwa kwake. Shati likija na mafuta kwenye mkono wa kushoto tu, Dobi alijua mwenyewe hutumia kushoto. Kola ikichakaa upande mmoja, alijua mtu hubeba mtoto au begi. Aliwasoma watu asiowajua kwa nguo zao chafu, na mtu anayemwita mama alikuwa amemwandikia ukuta mzima, yeye akaufuta. Waliosema mganga hajigangi walimlenga yeye.

Akamwacha fundi na chai yake, akatoka barazani.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, miguu juani. Dobi akakaa chini, karibu na miguu ile.

"Mama, nataka kukuuliza, na usinifiche."

"Nikufiche wewe? Wewe unayeona doa gizani?"

"Unaondoka kwa nini?"

Vidole havikuacha mchele. Mawe mawili yalitoka kwenye ungo, likafuata la tatu.

"Goti langu la kushoto," alisema mwishowe, "siku hizi linaacha kazi bila kutoa taarifa. Nikishika ukuta, nafika. Nilishika miezi mingi, hamkujua, nikafurahi hamjui. Kisha nikaanza kukuona nyuma yangu na kitambaa. Nimeshika hapa, umefuta hapa. Nimeshika pale, umefuta pale. Hukusema neno, na mimi sikusema neno. Nikajiambia, mkono wangu sasa ni uchafu katika nyumba hii. Basi nikaacha kushika."

Dobi akashika ukingo wa ungo.

"Wiki ile ile nikateleza kwenye kizingiti, mlango ukanidaka. Siku nyingine nikakaa chini kabisa, ndani ya choo, nikangoja goti lirudiwe na akili. Mlikuwa sebuleni mnacheka. Nikasema, kabla sijaanguka mkaja kuniokota uchi, niende kwa yule niliyemzaa. Mtoto wa kumzaa akikuokota uchi, aibu yake ni ndogo."

"Mama, sikuwa nakuona wewe. Wallahi nilikuwa naona ukuta tu."

"Ndilo lenyewe hilo, mwanangu."

Hapo Dobi akalia. Alilia kwa aibu, na katikati ya aibu akashangaa kukuta kitu kingine, chepesi, kinapanda. Mama hakumchukia. Hakukimbia bati wala kabati. Siku zote hizo Dobi alikuwa amelala na hofu ya chuki, na chuki haina fundi. Huwezi kumwita mtu aje aipime akuandikie gharama. Goti na kizingiti ni kitu kingine. Kizingiti kina nyundo yake.

"Nilidhani ni sabuni," alisema, anapangusa makamasi kwa upande wa mkono, yeye mwenye vitambaa mia. "Mstari ulipokoma, nilidhani sabuni mpya imekubali. Niliisifia mpaka kwa wateja."

Mama mkwe aliacha kuchambua. "Sabuni?"

"Nimeuza pakiti nne."

Yule mwanamke alianza kucheka taratibu, kisha mabega yakaingia, kisha ungo ukainama na mchele ukamwagika barazani, mawe na yote. Wakauokota pamoja, mmoja analia na mwingine anacheka, wakabadilishana, mpaka fundi akachungulia kuona kama kuna msiba.

Lakini msidhani mambo yaliishia hapo. Mama alipomaliza kucheka alifuta macho, akasema palepale: "Hata hivyo nimekwisha kumwambia wifi yako. Chumba ametandika. Na hela zenu ni za dari, mume wako anaiota. Msivunje nyumba kwa ajili ya mtu anayeondoka." Alikuwa mtu wa namna hiyo: akishatamka, neno lake linakuwa fanicha, linakaa.

Kinyozi aliporudi jioni aliambiwa yote. Hakuamini. Akaenda koridoni, akakunja magoti kama fundi, akafumba macho, akatembea kwa mbwembwe. Alipofika mwisho akasahau kizingiti. Sauti aliyoitoa iliwatoa majirani madirishani.

"Pole," mama yake alimwambia kutoka chumbani. "Na wewe una magoti mawili mazima."

Kinyozi alikaa sakafuni, ameshika kidole gumba cha mguu kwa mikono yote miwili. Alikitazama kizingiti muda mrefu. Kilikuwa pale tangu walipohamia; alikuwa amekiruka kila siku bila kujua anaruka.

"Miaka yote natazama juu," alisema taratibu. "Dari, dari. Kumbe mambo yako chini."

"Kwa hiyo?" aliuliza Dobi.

"Kwa hiyo nini? Mvua ikinyesha tutapiga kelele, kama siku zote."

Walikaa na fundi kesho yake, na safari hii laki sita haikuwa na wagombea. Kizingiti kivunjwe, sakafu ya choo ipewe mteremko maji yakimbilie ndani, vigae viwe vya kukwaruza, si vya kung'aa. Ubao wa kushikia pande zote mbili za korido, na bomba la chuma ukutani kando ya choo. Taa, kwa sababu korido ile ilikuwa na giza hata saa sita mchana. Bawaba na kitasa cha binti, kwa kuwa alisema tafadhali. Fundi alijumlisha, ikabaki kidogo ya kopo moja la rangi.

"Dari ingenipa zaidi," alikiri Polepole, na alionekana kweli anaisikitikia. Kisha akauliza kama Mama angekubali kusimama ukutani kidogo, apime kiganja chake kinafikia wapi.

Mama alisema hasimami. Fundi akapima kwa kipara.

Walivunja Jumatatu. Siku nne nzima walikwenda kujisaidia kwa jirani, mmoja mmoja, kwa salamu ndefu na tabasamu za lazima. Vumbi lilikaa kwenye kila kitu. Dobi aliyekuwa akifuta kila dakika alifunga mikono yake kifuani, akavumilia. Mama aliendelea kupanga nguo zake kwenye sanduku, vazi moja leo, vazi moja kesho. Alhamisi fundi alimaliza. Ubao ulipigwa randa ukalainishwa na msasa, mweupe, unanukia mti. Alikataa kuupaka vanishi, akasema mkono hushika mbao kavu, ila huteleza kwenye vanishi. Pale palipokuwa na kizingiti sasa ungeweza kusukuma yai likaingia chooni bila kuvunjika.

"Ni mzuri sana," Mama alisema, akiutazama ubao kutoka mlangoni mwake. "Mtaufaidi."

Na hakuugusa.

Ijumaa nzima alipita katikati ya korido, kama anayevuka mto. Kinyozi aliyeshinda nyumbani makusudi, akijifanya anatengeneza mashine ya kunyolea, alimhesabia safari: asubuhi moja, mchana moja. Uso wa kinyozi ukazeeka. "Amekasirika?" alimnong'oneza mkewe. Dobi hakujua. Walikuwa wamefanya kila kilichonunulika, Jumapili ilibaki siku mbili, na sanduku lilikuwa limekwisha kujaa.

Jumamosi asubuhi Dobi alikuwa jikoni akikanda unga, mikono imejaa mpaka kwenye vifundo, aliposikia mlango wa Mama. Akachungulia. Mama alikuwa anakuja, taa mpya inamwangaza. Hakuwa katikati safari hii. Alikuwa pembeni, karibu kabisa na ubao, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu yake, unaufuata hatua kwa hatua, umeachana nao kwa unene wa kidole. Goti lilitetereka. Mkono ukashtuka, ukashuka, karibu uguse, ukajiinua tena.

Dobi akaelewa, na safari hii alielewa bila kusomewa na fundi. Ubao ule ulikuwa mweupe. Ulikuwa mpya na msafi, na uliwekwa katika nyumba ya Dobi.

Hakufikiri. Angefikiri, asingeweza. Alitoka jikoni na mikono yake ilivyo, unga na mafuta, akasimama mbele ya mama mkwe wake, akaukamata ubao. Akaubana hasa. Akatembea nao hivyo mpaka mwisho, mkono baada ya mkono, akiacha nyuma yake vidole vyote kumi, hapa, pale, na pale, mabonge ya unga yakining'inia kwenye mbao iliyopigwa msasa. Kila alama ilimuuma mgongoni. Alipofika mlango wa choo akageuka.

Mama alikuwa amesimama.

"Umechafua," alisema.

"Nimechafua."

"Kitambaa kiko wapi?"

"Sijui."

"Utafuta saa ngapi?"

Viganja vya Dobi vilimuwasha. Mafuta yalikuwa yanazama kwenye mti huku anayaona, na mafuta yakishazama kwenye mti mkavu hayatoki, hakuna mtu duniani aliyejua hilo kuliko yeye. Akajikaza kisabuni.

"Sifuti, mama. Si leo, si kesho. Na wewe ukishika, sifuti. Ukitoka kula muhogo na mafuta ukashika, sifuti. Uweke mkono wako."

Mama aliutazama ubao. Akamtazama mkamwana wake, uso umepauka kwa unga, pumzi zinamwenda kama aliyekimbizwa. Kisha mkono ule ukashuka. Ulitua juu ya alama ya kwanza, juu ya unga wenyewe, vidole vikafunga.

"Unanata," alisema Mama.

Akaja. Alikuja kwa uzito wake wote, bila kuuibia, mkono ukisogea na mwili ukifuata, na goti lilipoacha kazi katikati ya njia yeye hakutetereka, alisimama tu, akalingoja, akaendelea. Alimpita Dobi. Aliingia chooni bila kuinua mguu, na mlango ukafungwa.

Kinyozi na binti yake walikuwa wamejibanza mlangoni mwa sebule, wanatoleana macho. Ndani kukasikika bomba, kisha kimya, kisha sauti ya Mama, kali, ile ya zamani:

"Mnasikiliza nini? Hamna kazi?"

Wakatawanyika kama kuku. Kinyozi aligonga bega kwenye fremu na hakusikia maumivu. Dobi alirudi jikoni, akashika unga, akauacha, akaushika tena.

Mama hakurudi chumbani. Alikwenda sebuleni akiambaa na ubao wa upande wa pili, akakaa, akamwita mjukuu wake ampigie shangazi simu na aiweke kwa sauti kubwa, kwa kuwa sikio lake halipendi kubanwa. Nyumba nzima ilisikia simu ikiita.

"Mama! Umekwisha kufunga mizigo?" alisema wifi. "Kesho saa nne nipo hapo."

"Njoo, mwanangu, lakini usije na gari kubwa. Njoo ule tu, urudi."

"Kwa nini? Wamekuzuia?"

"Hajanizuia mtu."

"Chumba nimeshatandika, Mama. Mapazia mapya. Nimekuwekea mpaka feni."

"Najua, na Mungu akubariki. Kwako ni kuzuri. Vigae vyako nimeviona, vinang'aa kama maji." Mama akachagua neno. "Ila hakuna pa kushika."

Wifi alikuwa mwerevu, na alimpenda mama yake. Ungeweza kumsikia akitembea kwa mawazo ndani ya nyumba yake mwenyewe, kutoka mlango ule wa chumba mpaka bafuni, juu ya vigae vile.

"Goti?" aliuliza mwishowe, sauti imeshuka.

"Goti."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliuambia ukuta," alisema Mama. "Wifi yako wa huku kausikia, kachelewa kidogo tu."

Jikoni, Dobi alikalia ndoo iliyogeuzwa, akafunika uso kwa mikono yake yenye unga, akaishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Mama atangaze kuhama. Ilikuwa ndefu. Sebuleni mumewe alikuwa anamnyang'anya mama yake simu ili amwelekeze dada yake kwa Polepole, na Mama alikuwa anakataa kuiachia.